Kuandaa Onyesho la Piano na Simulizi ya Ukoo: Mwongozo kwa Mpiga Kinanda wa Nyanda za Juu Kusini

Mpiga kinanda anayetaka kupanda jukwaani peke yake, akapiga na kusimulia habari za ukoo wake kwa wakati mmoja, mara nyingi huanza na hadithi. Huandika kurasa nyingi kuhusu babu na bibi, kisha hutafuta nyimbo za kupachika katikati ya maneno, na kinachopatikana ni hotuba yenye vipande vya muziki. Ushauri wangu, baada ya miaka kadhaa ya kufanya kazi ya namna hii kati ya Mbeya na Iringa, ni kuanza upande wa pili: tafuta kwanza wimbo mmoja ambao mtu wa ukoo wako aliuimba kweli, ujue aliuimba wapi na kwa sababu gani, kisha ujenge hadithi kuuzunguka wimbo huo.

Wapo watakaokuambia kwamba sanaa hii ni ya kigeni. Piano ni ya kigeni, hilo halina ubishi, lakini fanani anayesimulia, akasimama katikati ya ngano na kuanzisha wimbo ambao hadhira inauitikia, tumelelewa naye. Mhehe aliyepiga ligombo, nyuzi zikiwa zimetandazwa juu ya ubao uliochongwa, alisimulia habari za watu huku mikono yake ikifanya kazi. Hata neno kinanda lilikuwa jina la ala ya nyuzi kabla ya kupewa ogani ya kanisani na piano. Unachofanya ni kurudisha vitu viwili vilivyotenganishwa na ratiba za shule na kwaya.

Kwa upande wa piano, mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi wangu ni wa Mona Golabek, mpiga piano wa Marekani. Mama yake, Lisa Jura, alikuwa binti wa Kiyahudi wa Vienna, naye alisoma piano. Mwaka 1938 wazazi wake walimpandisha treni peke yake kuelekea London, katika mpango uliowapeleka Uingereza watoto wapatao 10,000 kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuanza Septemba 1939. Mama huyo alimfundisha binti yake piano huku akimsimulia maisha yake. Binti aliyaandika kwanza kama kitabu, akishirikiana na mwandishi mwingine, kikatoka mwaka 2002, na miaka kumi baadaye, mwaka 2012, akapanda jukwaani Los Angeles katika onyesho lililotayarishwa na kuongozwa na Hershey Felder, yeye mwenyewe akiwa msimulizi, mama yake, na mpiga piano. Zingatia mambo mawili katika kazi hiyo. Kwanza, konseto ya piano ya Grieg, mtunzi wa Norway, inayosikika humo ndiyo muziki ambao mama alitamani kuupiga tangu utotoni, kwa hiyo haikuwekwa ili msanii aonyeshe wepesi wa vidole vyake. Pili, kazi ilichukua miaka. Usijipe miezi mitatu.

Wimbo kabla ya hadithi

Nitaeleza yaliyonipata mimi, kwa sababu ndiyo ninayoyajua kwa karibu. Nilikaa jikoni kwa bibi mzaa mama, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, yeye akichambua maharage kwenye ungo, nikamwomba aniimbie wimbo uliokuwa ukiimbwa wakati babu alipoondoka kwenda kutafuta kazi migodini. Aliimba beti mbili bila kuinua macho. Nilipoisikiliza rekodi nyumbani sikuutambua wimbo huo. Haukufanana na tenzi yoyote niliyoijua, na ulizunguka kwenye nota nne tu, kama mtu anayetembeatembea chumbani akimsubiri mwenzake. Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba bibi alikuwa ameniimbia sauti ya pili peke yake, kati ya sauti nne za kwaya. Alikuwa ameiimba sauti hiyo kwenye kwaya kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwake yeye huo ndio ulikuwa wimbo. Sauti ya kwanza ilikuwa ya dada yake, ambaye alikwisha kufa. Sauti ya nne ilikuwa ya babu, ambaye alipita Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, akaendelea hadi migodi ya Afrika Kusini, na hakurudi.

Onyesho langu lote lilitoka hapo. Ninaanza kwa kupiga sauti ya pili peke yake, kwa mkono mmoja, na ninaendelea hivyo kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotarajia. Kanisani kwetu watu wanaujua wimbo huo kwa sauti zote nne, kwa hiyo wao wenyewe huzisikia zile tatu zinazokosekana. Ningezijaza mapema ningeharibu kila kitu. Kosa ninaloliona zaidi kwa wapiga kinanda wazuri ni kwamba tumezoea kuwasaidia waimbaji, na masikio yetu hayavumilii pengo. Tukipewa nota moja tunaiwekea kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), besi na mapambo papo hapo. Katika kazi hii pengo ndilo hadithi. Sauti iliyokufa au iliyoondoka iachiwe nafasi yake, na ukiamua kuileta, iingie mara moja tu, mahali pamoja, kwa sababu unayoweza kuieleza.

Kuhusu namna ya kurekodi, omba ruhusa kwanza na mwambie mzee utaitumia rekodi kwa kazi gani. Weka simu juu ya khanga iliyokunjwa, kwa maana simu iliyolazwa kwenye meza tupu huchukua kila mgongano wa kikombe. Usiwe na kinanda karibu. Ukimpa mzee do yako, yaani nota ya msingi ya wimbo, atajaribu kuifuata, na utapoteza ile ya kwake. Mwache aanzie anapoanzia, kisha ukifika nyumbani utafute do yake ilikuwa wapi na uandike kwa solfa (do, re, mi) au kwa nota za mistari mitano, ukiwa umeacha makosa yake kama yalivyo. Rudi baada ya wiki chache umwombe wimbo uleule. Panapobadilika aliimba kwa kubahatisha. Pasipobadilika, hata kama pana kosa ukilinganisha na kitabu cha nyimbo, ndipo penye kumbukumbu yenyewe, na hapo usiguse.

Kupata ukweli na kupata ruhusa

Wazee wengi wa nyanda hizi hawashiki miaka, wanashika matukio, na mwulizaji mwerevu huenda na matukio mkononi. Katika Iringa, uliza kama jambo lilitokea kabla au baada ya fuvu la Mkwawa kurudishwa Kalenga, na utakuwa umepata upande gani wa mwaka 1954. Kwa wa umri mdogo zaidi, ujenzi wa reli ya TAZARA, kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, ni alama isiyosahaulika: mtu asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa atakuambia bila kusita kwamba alikuwa akichunga ng'ombe Wachina walipokuwa wakipasua mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. Kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970 ni alama nyingine, na mara nyingi ndiyo inayoeleza kwa nini kaburi la babu liko mbali na nyumba ya ukoo.

Baada ya midomo, nenda kwenye karatasi. Wamoravian na Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na Wakatoliki walianza Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya makanisa ya zamani vinaweza kukupa majina ambayo hakuna aliye hai anayeyakumbuka. Mwombe mchungaji au paroko kwa barua, usifike kwa kushtukiza, na usipige picha kurasa zenye habari za familia nyingine. Kwenye masanduku ya nyumbani tafuta vipande vya kazi (kadi za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni), risiti za kodi, na barua zilizotumwa kutoka migodini. Barua ya mistari mitano inayouliza habari za ng'ombe mmoja ina nguvu jukwaani kuliko aya nzima uliyoitunga. Makumbusho ya Iringa Boma, yaliyomo katika jengo la wakati wa Wajerumani, yatakusaidia kuona vyombo na mavazi ya kipindi unachokisimulia, na kwa habari za utawala wa kikoloni zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Niongeze jambo moja ambalo wasanii vijana wa kwetu hulipita. Vita ileile iliyomwondoa binti wa Vienna ilileta familia za Kipolandi hadi Ifunda na Kidugala, ambako wakimbizi waliwekwa makambini katika miaka ya 1940. Ikiwa babu yako aliwauzia mayai, au bibi yako alisikia nyimbo zao ng'ambo ya uzio, hilo ni sehemu ya habari za ukoo wako, na ni daraja linalofaa kwa mtazamaji anayedhani historia ya ulimwengu ilipita mbali na kijiji chake.

Sasa ruhusa. Hadithi ya ukoo si mali ya mjukuu mwenye kipaji. Kabla hujaandika, mwone mkubwa wa ukoo, na kwa mambo ya ndani mwone shangazi, kwa kuwa shangazi ndiye anayejua ni jambo gani likitamkwa hadharani litavunja nyumba. Eleza utasema nini na utaacha nini, na uwe tayari kukataliwa. Katika kikao chetu mjomba mmoja alisema, kwa upole lakini kwa uthabiti, kwamba jina la mtu fulani lisitajwe mbele ya watu. Nilikubali. Mahali ambapo jina hilo lingetamkwa pana nota moja ya chini inayopigwa na kuachwa izimike yenyewe, na wa ukoo wote wanajua ni nani. Sijawahi kuona haja ya kuwaeleza wengine.

Mikono na mdomo

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, na hapa ndipo muda mwingi uende. Kupiga huku unaimba tumezoea, kwa sababu wimbo na kinanda vina mapigo mamoja. Kupiga huku unasema ni jambo jingine kabisa, kwa maana usemi una mwendo wake, na ukizembea, maneno yako yataanza kufuata mapigo kama mtoto anayekariri shairi, au mikono itapunguza mwendo kila unapofika kwenye neno zito.

Anza na mkono wa kushoto peke yake. Chagua mchoro mfupi wa nota tatu au nne unaojirudia, uupige kwa metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) hadi mkono uwe unautembeza wenyewe, kisha juu yake usome habari za gazeti kwa sauti ya kawaida. Nasema gazeti, usisome hadithi yako, kwa kuwa maneno yasiyo na uzito kwako yatakuonyesha upesi kama mkono unayumba. Ukiweza dakika tano bila kuyumba, chukua maandishi yako, na uhakikishe kwamba sentensi haziishii pale muziki unapotulia. Sentensi ikiisha katikati ya mzunguko, msikilizaji anaendelea kusubiri. Zikiisha pamoja kila mara, anachoka bila kujua sababu. Muziki mgumu wenye mikono yote miwili usisemee juu yake hata kama unaweza. Nyamaza, upige, kisha useme.

Andika maneno machache. Onyesho la dakika hamsini linatosha mtu mmoja na kinanda kimoja, na katika hizo, maneno yasizidi nusu. Nilipoanza nilikuwa na kurasa ishirini na mbili. Sasa nina tisa, na zilizoondolewa zilikuwa zinaeleza kile ambacho muziki ulikuwa umekwisha kukisema.

Unapokuwa bibi au babu, usiigize uzee. Kuinama, kutetemeka na sauti ya kukwaruza huwachekesha watoto na kuwaumiza wazee waliokaa mstari wa mbele. Badilisha jambo moja tu: kimo cha kidevu, mwendo wa kusema, au mahali macho yanapotazama. Bibi yangu jukwaani hatazami watu, anatazama ungo ambao haupo, na mikono yake inachambua. Mikono hiyohiyo ndiyo inayorudi kwenye piano, na mpito huo wa kutoka kuchambua hadi kupiga niliufanyia mazoezi kuliko ukurasa wowote wa muziki.

Kuhusu lugha, simulia kwa Kiswahili, lakini maneno yaliyosemwa kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena yaache katika lugha yake pale ambapo tendo au sauti inajieleza. Salamu kama Kamwene au shukrani kama Ndaga haihitaji kutafsiriwa mbele ya hadhira ya huku. Kwingineko itikio la mwili linatosha.

Kiti nacho kiwekwe kwa makusudi. Kwa desturi hadhira huuona upande wa kulia wa mpiga piano, na mfuniko wa piano kubwa hufunguka upande huo. Ukiwa na kinanda cha umeme una uhuru zaidi: kigeuze kidogo ili uso uonekane unapopiga, na kiti kisicho na mgongo kikuwezeshe kugeuka kuelekea watu bila kusimama.

Kinanda, mabati na baridi

Piano halisi zilizo katika hali nzuri ni chache katika mikoa yetu. Ukisikia kwamba ipo mahali, kwenye nyumba ya misheni au shule ya zamani, nenda ukaijaribu siku kadhaa kabla, ubonyeze kila kibonyezo kimoja kimoja, kwa sababu unyevu huvifanya vingine kubaki chini, na usikubali kupiga pamoja na ala nyingine kabla ya kuhakikisha kwamba sauti yake haijashuka. Vinginevyo, tumia kinanda cha umeme chenye vibonyezo 88 vyenye uzito, pamoja na pedali ya kushikilia sauti. Zima midundo ya mashine kabisa. Hadhira inayosikia ngoma za kwenye kinanda hujiandaa kwa harusi.

Umeme utakatika. Niliwahi kuachwa gizani katikati ya sehemu nzito zaidi, nikamalizia kwa kuimba, na baadhi ya watu walidhani ndivyo ilivyopangwa, lakini mimi nilijua kilichopotea. Tangu hapo nina betri yenye inveta ya kutosha saa mbili, na taa moja ya kuchaji.

Mabati ni adui mkubwa zaidi. Mvua ya Mbeya na Iringa hunyesha kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na Rungwe huendelea hadi Mei. Ikianza kugonga bati, nota ya chinichini haisikiki hata mstari wa kwanza. Panga maonyesho kati ya Juni na Oktoba, au utafute ukumbi wenye dari. Lakini Juni na Julai huja na baridi, na vidole vilivyoganda haviwezi kupiga polepole kwa utulivu, jambo ambalo ni gumu kuliko kupiga haraka. Beba chupa ya maji ya moto, uloweke mikono dakika kumi kabla ya kuingia, uikaushe vizuri, na uvae glavu hadi mlangoni.

Kuifanya iwe kazi

Jisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na kabla ya kila onyesho mjulishe afisa utamaduni wa halmashauri husika ili upate kibali mapema. Sajili maandishi na muziki wako katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Hakimiliki nchini hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo Grieg, aliyefariki mwaka 1907, yuko huru, lakini wimbo wa mwalimu wa kwaya aliye hai unahitaji ruhusa yake ya maandishi, hata kama mnafahamiana.

Usiache harusi, ibada na wanafunzi wako wa kinanda. Ndivyo vitakavyolisha nyumba katika miaka ya mwanzo. Milango iliyonifungukia kwanza ilikuwa ya kumbi za parokia na shule za sekondari, ambako mwalimu wa historia au wa fasihi simulizi anaweza kutumia onyesho kama somo na kuwapa wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee wao. Vyuo hufuata, na ukikomaa, peleka maombi kwenye tamasha la kila mwaka la Bagamoyo. Patana malipo kwa maandishi, pamoja na nauli ya kinanda, kwa sababu kinanda kirefu hakikai mapajani kwenye basi.

Lakini kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, onyesha nyumbani. Waite wa ukoo, uwapigie sebuleni au uani, na ukimaliza wape chai na unyamaze. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba babu aliondoka asubuhi, kwaya ikimwimbia barabarani. Nilipomaliza, shangazi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, umepiga vizuri. Lakini hakuondoka asubuhi. Aliondoka usiku, na hakuna aliyeimba. Wimbo ule bibi yako aliuimba Jumapili iliyofuata, amesimama palepale pake kwenye kwaya." Bibi alikubali kwa kichwa. Niliufuta ukurasa huo usiku uleule, na hadi leo sehemu hiyo ya onyesho huanza kwa ukimya wa sekunde kumi, mikono yangu ikiwa mapajani.